Jaramogi Oginga Odinga na mchujo uliougawa upinzani wa Kenya

Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya, alijiuzulu mwaka 1966 na baadaye akawekwa kizuizini. Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD, vuguvugu lililodai mfumo wa vyama vingi. Mwaka uliofuata FORD ilisambaratika, hasa kwa swali moja: nani amteue mgombea urais? Kambi ya Odinga ilitaka uamuzi huo uachiwe wajumbe. Kenneth Matiba alitaka wanachama wote wapige kura za mchujo. Mwafaka haukupatikana, na kila mmoja akagombea kwa tiketi ya chama chake. Mwezi Desemba Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Odinga akawa wa nne. Alifariki dunia Januari 1994, urais asiufikie.