Grant na Reli za Petersburg

Msomaji, wewe mkulima unajua kwamba mtu mwenye njaa hashiki jembe kwa muda mrefu. Jeshi nalo ni hivyo hivyo. Mtu mmoja aliyelijua sana jambo hili ni Ulysses Grant, aliyekuwa Rais wa Marekani toka 1869 hadi 1877 na kufariki mwaka 1885.

Grant alizaliwa mwaka 1822 katika jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Alisomea uaskari, na katika vita vya Mexico alipewa kazi ya kutunza chakula, nyumbu na magari ya kikosi chake. Si kazi ya kuimbiwa nyimbo, lakini ilimfunza mengi. Mwaka 1854 aliacha jeshi. Alilima, asifanikiwe, akauza kuni mitaani.

Mwaka 1861 Wamarekani walianza kupigana wao kwa wao. Majimbo ya Kusini yalijitenga ili yalinde utumwa. Grant akarudi jeshini, upande wa Kaskazini. Mwezi Juni 1864 alifika mbele ya mji wa Petersburg, uliolindwa na jeshi la Jemadari Lee. Alijaribu kuuteka kwa nguvu, akapoteza watu wengi bure.

Sasa tazama alivyofanya. Reli kadhaa zilikutana Petersburg. Chakula cha jeshi la Lee na cha Richmond, mji mkuu wa Kusini, kilipitia hapo. Basi Grant akawa anasogeza mahandaki yake kuelekea magharibi, akizifuata reli hizo. Agosti 1864 aliikata reli ya Weldon. Watu wa Lee wakawa wanashusha mizigo mbali na kuizungusha kwa magari ya kukokotwa na wanyama. Wakati huo askari wa Grant walikula mkate uliookwa bandarini City Point, ukaletwa kwa treni. Wenzao walipata unga kidogo wa mahindi na kipande cha nyama ya nguruwe. Wakati wa baridi wengi walitoroka usiku.

Tarehe 2 Aprili 1865 reli ya mwisho ilikatwa. Usiku ule Lee akauhama mji, akakimbia huku akitafuta chakula. Treni zilizomletea zilitekwa. Tarehe 9 Aprili alisalimu amri.

Grant aliagiza wale walioshindwa wapewe chakula, na wenye farasi warudi nao makwao wakalime.