Fred Slater, Mcheza Mpira Aliyekuwa Jaji

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Illinois, alizaliwa mtoto tarehe 9 Desemba, mwaka 1898, akaitwa Frederick Slater. Wazazi wake walikuwa watu weusi, na baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Methodisti la watu weusi. Nyumbani kwao palikuwa na mbwa aitwaye Duke, na watu kwa mzaha wakampa mtoto jina la mbwa yule. Jina hilo likamshika hata alipokuwa mtu mzima, na wengi hawakumjua kwa jina jingine ila Duke Slater.

Fred alipopata miaka 13, baba yake alihamia Clinton, mji ulio kando ya mto Mississippi katika jimbo la Iowa. Huko alitiwa katika shule ya mji, na huko alianza kuupenda mpira wa Kimarekani.

Mpira huo si kama huu tunaoupiga sisi kwa miguu. Umbo lake ni kama yai, na mchezaji huuchukua mikononi akakimbia nao, huku adui zake wakijaribu kumkamata na kumwangusha chini. Kila upande una watu 11. Mbele husimama watu saba, wakubwa wa mwili, wamejipanga mstari mmoja. Kazi yao ni kuwasukuma adui na kufungua njia, ili mwenzao mwenye mpira apite. Akipita akafika mwisho wa kiwanja, watazamaji humshangilia yeye. Wale waliomfungulia njia hawatajwi sana. Kazi ya Slater ilikuwa katika mstari ule.

Mchungaji Slater alichelea mwanawe asije akavunjika, kwa hiyo akamkataza kucheza. Inasimuliwa ya kuwa kijana alisikitika mno, akakaa siku kadhaa hali chakula, hata baba akamhurumia akampa ruhusa, kwa sharti ajihadhari asiumie. Ndipo likazuka shauri jingine. Kila mchezaji alipaswa kujipatia viatu vya mchezo, na kofia ngumu ya ngozi ya kukinga kichwa. Mshahara wa mchungaji ulikuwa mdogo, hauwezi kununua vitu vyote viwili. Fred akaambiwa achague kimoja. Kwa kuwa miguu yake ilikuwa mikubwa, wala hakuna mtu wa kumwazima viatu, akachagua viatu. Akacheza kichwa wazi miaka mingi.

Mwaka 1918 aliingia Chuo Kikuu cha Iowa. Mwaka 1921 timu ya chuo chake ilikutana na timu ya Notre Dame, ambayo ilikuwa imeshinda michezo 20 mfululizo. Watu wengi walidhani Iowa itapigwa. Lakini Slater aliwasukuma watu wa Notre Dame nyuma tena na tena, na wenzake wakapita katika nafasi aliyoifungua. Iowa ikashinda, 10 kwa 7. Picha iliyopigwa siku ile yamwonyesha Slater, kichwa wazi, akiwazuia adui kadhaa peke yake, huku mwenzake akipita na mpira. Mwaka ule Iowa ilishinda michezo yake yote 7.

Mwaka 1922 Slater aliajiriwa na timu ya Rock Island katika jimbo la Illinois, akawa anapokea mshahara kwa kucheza. Baadaye, mwaka 1926, alichukuliwa na timu ya Cardinals ya Chicago. Katika ligi ile kubwa, yeye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika mstari wa mbele.

Lakini siku zile watu weusi wa Marekani walionewa sana kwa sababu ya rangi yao. Mwaka 1924 Rock Island ilikwenda kucheza Kansas City, katika jimbo la Missouri. Huko Slater hakuruhusiwa kuingia kiwanjani, kwa kuwa alikuwa mweusi. Wenzake walicheza bila yeye, wakashindwa. Kisha timu zile zikarudiana Rock Island. Safari hii Slater akacheza, na Rock Island ikashinda. Mwaka 1927 katika ligi nzima hakubaki mchezaji mweusi ila yeye peke yake.

Hata hivyo Slater alifahamu ya kuwa nguvu za mwili hazidumu. Mchezo ule huchezwa miezi michache tu ya mwaka. Basi kila mchezo ulipokwisha, wakati wenzake walipokuwa wakipumzika, yeye alirudi Iowa akasoma sheria. Kazi hiyo ilikuwa ndefu, maana alisoma kwa vipande vipande, leo kitabu na kesho kiwanja, lakini hakuiacha. Mwaka 1928 alipata shahada ya sheria, naye angali mchezaji. Mwaka uliofuata Ernie Nevers, mwenzake katika timu ya Cardinals, alipata alama 40 katika mchezo mmoja juu ya timu ya Bears ya Chicago. Sifa zilikuwa za Nevers, na njia ilifunguliwa na Slater pamoja na wenzake wa mstari.

Mwaka 1931 aliacha kucheza, baada ya miaka 10, akafanya kazi ya uwakili katika mji wa Chicago. Muda mfupi baadaye mlango ukafungwa: tangu mwaka 1934 hata 1945 hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyecheza katika ligi ile. Slater hakuwasahau vijana waliozuiliwa, akafundisha timu za watu weusi.

Mwaka 1948 wananchi wa Chicago walimchagua kwa kura kuwa hakimu wa mahakama ya mji. Kabla yake ni watu weusi wachache tu waliowahi kupata cheo hicho katika mji ule. Mwaka 1960 alipandishwa akawa jaji wa mahakama kubwa zaidi ya wilaya ya Cook, na hapo hapakuwa na mtu mweusi aliyemtangulia. Yule aliyezuiliwa mlangoni kwa ajili ya rangi yake, sasa alikaa katika kiti cha hukumu, na watu wa kila rangi walisimama mbele yake, wakimtazamia haki.

Jaji Slater alikufa tarehe 14 Agosti, mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 67. Ligi ile iliyopata kuwafukuza watu wa rangi yake ilikawia kumpa heshima; mwaka 2020 ndipo alipochaguliwa kuingizwa katika jumba la wachezaji wake mashuhuri. Na kiwanja cha Chuo Kikuu cha Iowa chaitwa kwa jina lake tangu mwaka 2021.

Basi, ninyi mnaosoma habari hizi, mkipewa kazi isiyoshangiliwa na watu, msiidharau. Huenda njia mnayoifungua leo ndiyo watakayoipita wengine kesho.