Ian Donald na Mwangwi wa Tumboni

Mchimbaji dhahabu mzoefu wa Geita hugonga dari la shimo kwa mtaimbo kabla ya kuanza kazi, kisha husikiliza. Mwamba mzima hutoa mlio mkali. Mwamba wenye ufa hutoa mlio mzito kama wa debe tupu, naye huondoka hapo upesi. Ameyajua yaliyomo ndani ya jiwe bila kulipasua. Daktari Ian Donald alifanya jambo kama hilo katika matumbo ya wagonjwa.

Donald alizaliwa mwaka 1910 huko Cornwall, Uingereza. Alisoma Afrika Kusini alipokuwa kijana, kisha akahitimu udaktari London mwaka 1937. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari katika jeshi la anga, akatunukiwa nishani kwa kuwaokoa askari kutoka katika ndege iliyokuwa ikiwaka moto, na mabomu yangali ndani yake. Jeshini alijifunza pia habari za sona, chombo kinachotuma sauti baharini na kupokea mwangwi wake ili kugundua nyambizi. Popo nao hufanya vivyo hivyo gizani, wala hawakufundishwa na mtu.

Mwaka 1954 akawa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Skotlandi. Karibu na mji huo, mahali paitwapo Renfrew, palikuwa na kiwanda kilichotafuta nyufa ndani ya vyuma kwa mwangwi wa sauti. Julai 1955 Donald alipakia katika magari mawili uvimbe wa namna nyingi uliokatwa kwa wagonjwa, akaenda kuupima huko. Nofu kubwa la nyama ya ng'ombe nalo lilipimwa ili kulinganisha. Ikaonekana kwamba mwangwi wa uvimbe mgumu haufanani na ule wa uvimbe uliojaa maji.

Sikio la mtu halisikii sauti inayozidi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Sauti ya mashine hii hutetema mara milioni kadhaa kwa sekunde. Donald, daktari John MacVicar na mhandisi Tom Brown waliunda mashine ya kuuchora mwangwi huo, lakini wengi waliwacheka.

Ndipo akaletwa mama mmoja aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ilionyesha jambo jingine: kifuko kikubwa cha majimaji kilichoota katika ovari. Mama yule alipasuliwa, kifuko kikatolewa, akapona. Kicheko kikakoma. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1958.

Donald alifariki mwaka 1987. Leo ultrasaundi hutumika katika hospitali za Shinyanga na Geita, hasa kwa wajawazito. Kiungo kinachosumbua bado ni kongosho. Limejificha nyuma ya tumbo, na hewa ya matumbo huizuia sauti. Kwa hiyo wataalamu walitengeneza mpira mwembamba wenye chombo kidogo cha sauti kwenye ncha yake. Mgonjwa huumeza mpaka ukafika jirani na kongosho. Sasa kompyuta pia hufundishwa kwa maelfu ya picha za namna hiyo, ili imwonyeshe daktari doa dogo ambalo jicho lake lingeweza kulipita.