Mwalimu Aggrey Ugenini

Katika shule zetu jina la James Kwegyir Aggrey lajulikana kwa mfano wa kinanda: ya kwamba mtu aweza kupiga wimbo kwa vibao vyeusi peke yake, au kwa vyeupe peke yake, lakini sauti hupatana vema vinapopigwa vyote pamoja. Mfano huo umekaririwa sana. Ila wachache huuliza mtu aliyeusema alikaa wapi, na alitendewa nini, hata asiuache. Ndiyo habari nipendayo kuwaeleza ninyi walimu na Wakristo wa mitaa yetu.

Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabo, pwani ya Gold Coast, nchi ambayo leo huitwa Ghana. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mfalme, maana kwa desturi ya Wafanti maneno ya mfalme hupitia kinywani mwa msemaji wake. Kijana akalelewa nyumbani kwa mtu aliyejua kupima neno kabla ya kulitoa. Akasoma kwa Wamethodisti, akaanza kufundisha akali kijana mdogo, hata akawa mwalimu mkuu wa shule yao ya Cape Coast.

Mwaka wa 1898 Askofu John Bryan Small, wa kanisa la Wamethodisti weusi wa Marekani liitwalo AME Zion, alikuwa akitafuta vijana wa Afrika wa kusomeshwa ng'ambo. Aggrey akakubali, akapanda merikebu, akafika Livingstone College katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho chaitwa kwa jina la Daktari Livingstone yule yule ajulikanaye Ujiji, ambaye mwili wake ulipitishwa Bagamoyo. Tena mwanawe Robert, aliyeingia katika vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, alifia mji huo huo wa Salisbury mwaka wa 1864, akiwa mfungwa wa vita.

Mwaka wa 1902 Aggrey akamaliza masomo yake kwa sifa kubwa. Watu wa kwao walidhani atarudi, lakini chuo kikamwomba akae afundishe, naye akakaa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tangu alipoondoka kwao hata alipoiona tena Afrika ilipita miaka 22.

Sisi tuliopata kutumwa kufundisha mbali na kwetu twajua jinsi mgeni anavyohesabu siku. Lakini ugeni wa Aggrey haukuwa wa chakula na baridi tu. Huko Cape Coast alikotoka, Waafrika walikuwa mawakili na wenye magazeti, na mtu mweusi mwenye elimu alisalimiwa kwa heshima. North Carolina mambo yalikuwa mengine. Mwaka ule ule alipofika, mwezi wa Novemba, weupe wenye silaha waliwaua watu weusi wengi katika mji wa Wilmington, wakaiangusha serikali ya mji. Mwaka wa 1900 katiba ya jimbo ikageuzwa hata watu weusi karibu wote wakanyimwa kura. Katika gari moshi walitengewa behewa lao. Na mwezi wa Agosti 1906 kundi la watu lilivunja gereza la Salisbury, likawatoa watu weusi watatu kabla hawajahukumiwa, likawanyonga. Aggrey alikuwa mwalimu katika mji huo, naye alikuwa amemwoa Rose Douglass, wa Portsmouth katika Virginia, mwaka mmoja tu kabla ya hayo. Nyumba yake ilikuwa hapo hapo.

Hakukimbia. Wala mshahara haukumshika, kwa kuwa chuo kilikuwa maskini, na mara nyingi walimu walingoja fedha zao muda mrefu.

Sehemu ya maisha yake inipendezayo kuliko nyingine ni habari za mashamba. Toka mwaka wa 1914 alichunga makanisa mawili madogo nje ya mji, Miller's Chapel na Sandy Ridge. Huko wakulima weusi walilima pamba na kukopa chakula na mbegu dukani kabla ya mavuno, kwa riba kubwa. Mavuno yakija, deni huyameza, na mwaka mpya waanza kukopa tena. Mwalimu wa Kilatini na Kiingereza akaketi nao, akawafundisha kuweka akiba pamoja na kukopeshana wao kwa wao kwa riba ndogo, na kutunza ardhi na nyumba zao. Wasomi wengine wangaliona kazi hiyo kuwa chini yao. Naye wakati wa likizo alikwenda New York, katika Columbia University, akakaa tena juu ya benchi kama mwanafunzi.

Wako Waafrika na Wamarekani weusi waliomlaumu ya kuwa alikuwa mpole mno kwa weupe. Mimi naona lawama hiyo si bure kabisa, maana mfano wa kinanda hausemi nani ameketi mbele ya kinanda. Lakini aliyeishi Salisbury mwaka wa 1906 hakuusema kwa kutojua.

Mwaka wa 1920 akachaguliwa katika tume ya Phelps-Stokes ya kuangalia elimu ya Afrika, naye ndiye Mwafrika peke yake ndani yake. Mwaka wa 1924 tume ya pili ikafika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kisha akarudi Gold Coast kusaidia kuanzisha chuo cha Achimota, akiwa msaidizi wa makamu wa mkuu, akihimiza sana wasichana nao wasomeshwe. Mkewe na watoto hawakukaa naye huko muda mrefu. Mtoto wao wa mwisho alizaliwa Salisbury mwezi wa Julai 1926.

Chuo kilifunguliwa rasmi Januari 1927. Katikati ya mwaka Aggrey akaenda New York ili amalize maandiko yake ya udaktari. Akaugua ghafula, akafa tarehe 30 Julai 1927, akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa Salisbury.