Mama Aliyerudi Gerezani

Somo la nyumbani: Mathayo 25:31-46



Kutoka hapa Kuze hadi Fort Jesus ni mwendo wa dakika chache tu. Wareno walianza kuijenga ngome ile 1593, na kuanzia 1895 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliitumia kama jela. Wajuzi wa lugha husema hata neno letu "gereza" lilitokana na neno la Kireno la kanisa, igreja. Basi hayo mawili yana undugu wa zamani. Wiki hii nataka tumwangalie mama mmoja aliyeupeleka ushirika ndani ya jela. Hakuwa mchungaji wa kuajiriwa, wala hakuna aliyemlipa.

Elizabeth Fry alizaliwa Norwich, Uingereza, tarehe 21 Mei 1780, katika ukoo wa Gurney, watu wa benki. Walikuwa Marafiki, kanisa ambalo hapa Kenya tunalijua kutoka Kaimosi, lilikofika 1902. Lakini ujanani Elizabeth alipenda mavazi na dansi, na ibada zilimchosha. Mwaka 1798, akiwa na miaka 17, alimsikia mhubiri kutoka Marekani, William Savery. Neno lilimchoma, akarudi nyumbani analia. Sisi tungesema siku hiyo aliokoka. Mwaka 1800 aliolewa na Joseph Fry, mfanyabiashara wa London, na Mungu akawapa watoto 11.

Mwaka 1813 mtumishi mmoja, Stephen Grellet, alimwambia aliyoyaona katika jela ya Newgate. Wanawake karibu 300 pamoja na watoto wao walikuwa wamebanwa pamoja, wengine wamehukumiwa, wengine bado. Walilala sakafuni bila matandiko. Ulevi, kamari na vita vilikuwa vya kila siku, na watoto wachanga hawakuwa na nguo. Elizabeth aliwaita akina mama wenzake wakashona nguo, akazipeleka mwenyewe. Askari jela walikuwa wanaogopa kuingia humo. Yeye aliingia, akawavisha watoto, akaomba.

Hebu tusimame hapo kidogo. Habari ingeishia hapo ingefanana na zetu nyingi. Desemba ikifika tunajaza gari sabuni, mikate na sukari, tunaimba, tunarudi nyumbani tukisema tumehudumu jela. Hata yeye, zilipita zaidi ya miaka mitatu kabla hajarudi Newgate kuanza kazi yenyewe. Alikuwa na watoto wadogo, na mwaka 1815 alimzika binti yake Betsy, aliyekuwa anakaribia miaka mitano. Lakini mwisho wa 1816 alirudi, na safari hii hakuacha.

Aliomba aachwe peke yake na wale wanawake. Aliwasomea Mathayo 20, mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, kwamba hata wa saa ya mwisho wanapokelewa. Wengine walimuuliza huyo Kristo ni nani hasa. Wengine waliogopa kwamba muda wao umeshapita. Wapendwa, watu hao waliishi katikati ya mji wenye makanisa kila mtaa!

Alianza na shule ya watoto. Mwalimu walimchagua wafungwa wenyewe, msichana aliyefungwa kwa wizi wa saa. Wakubwa wa jela walisema haitawezekana. Mwaka 1817 aliunda chama cha akina mama, wakagawana zamu za kufika jela, wakamlipa msimamizi wa kike wa kukaa na wafungwa. Kanuni hazikuletwa kama amri. Zilisomwa moja moja, na wafungwa wakapiga kura kwa kuinua mikono.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo jambo hili halinipiti. Alihakikisha kwanza kuna soko, ndipo akawapa sindano na uzi. Nguo zilishonwa za kupelekwa makoloni ya Australia, na wafungwa wakapata chao. Huruma yake ilikuwa na mpango.

Lakini msidhani kila ombi lilijibiwa alivyotaka. Mwaka 1818 Harriet Skelton alihukumiwa kifo kwa kupitisha noti bandia. Elizabeth alimwombea msamaha hadi kwa waziri, Lord Sidmouth. Alikataliwa, wakakosana, na Harriet akanyongwa. Mwaka 1828 benki ya mumewe ilianguka. Watu walinong'ona kwamba pesa za wateja ziliishia kwenye sadaka zake, na mumewe akatengwa na kanisa lao. Nyumba kubwa ikaenda. Hata hivyo mama yule aliendelea kwenda jela. Kwa zaidi ya miaka 20 aliwatembelea pia wanawake waliopakiwa melini kupelekwa Australia, akiwapa Biblia na vitambaa vya kushona njiani.

Sheria ya magereza ya 1823 iliagiza wanawake walindwe na askari wa kike, jambo alilolipigania. Alilala tarehe 12 Oktoba 1845. Kuanzia 2002 hadi 2017 sura yake ilikuwa kwenye noti ya pauni 5 ya Uingereza. Noti bandia ilimuua Harriet, na rafiki yake akaishia kwenye noti halali.

Sasa turudi kwetu. Shimo la Tewa kuna gereza la wanawake, na sheria ya Kenya inaruhusu mama akae na mtoto wake ndani hadi afike miaka 4. Hao ndio Newgate yetu. Anayetaka kuhudumu aanze na haya:

1. Pitia kwa mkuu wa gereza na kasisi wa gereza. Fuata kanuni zao. Usibebe barua wala simu ya mtu.

2. Usimuahidi mfungwa kwamba atatoka. Muahidi kwamba utarudi, halafu urudi.

3. Usiende peke yako. Elizabeth alikuwa na wenzake wa zamu.

Natafuta watu walio tayari kutoa siku moja kila mwezi, mwaka mzima. Sitafuti umati wa Desemba. Tuonane Jumapili baada ya ibada ya pili.

Tuombe: Baba, tunakushukuru kwa mlango ulio wazi. Tupe miguu ya kwenda, na zaidi sana ya kurudi. Katika jina la Yesu, Amina.