Bibi Osa Johnson na Picha Zisizosema

Masika yaliyopita mvua iliingia nyumbani kwetu hapa Nsemulwa, ikalowesha sanduku la marehemu babu yangu. Ndani yake mlikuwamo picha yake moja tu, amesimama na wenziwe wanne siku walipokuwa vibarua wa kujenga reli ya kutoka Kaliua kuja Mpanda. Niliianika juani nikidhani nitaiponya, kumbe ndiyo nilikuwa naimaliza. Sura zote zikabanduka. Nilipoigeuza nyuma, sikuona jina hata moja.

Tangu siku hiyo nikawa na hamu ya kujua habari za picha zilizopotea duniani. Katika kusoma kwangu nikakutana na habari za Bibi Osa Johnson, ambaye alipata kupita sana katika nchi zetu hizi na kamera, nami nimeona vema niwasimulie wanafunzi na wazazi.

Bibi huyu alizaliwa tarehe 14 Machi 1894 katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas, nchi ya Marekani. Jina la ukoo wake lilikuwa Leighty, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1910 akaolewa na Bwana Martin Johnson, mpiga picha aliyekuwa amerudi kutoka safari ya bahari ya Kusini pamoja na mwandishi Jack London. Osa alikuwa na miaka 16 tu. Wasichana wetu wasimfuate katika jambo hilo, maana siku hizi umri huo ni wa kukaa darasani. Lakini katika ushujaa na bidii yake wana mengi ya kujifunza.

Mwaka 1917 mume na mke wakaenda katika kisiwa cha Malakula, katika bahari ya Pasifiki. Huko wakakamatwa na watu wa jumbe mmoja aliyeitwa Nagapate, wakaokoka kwa kuwa manowari ya Waingereza ilionekana ghubani. Mtu mwingine angeapa asirudi tena. Wao walirudi mwaka 1919, wakamwonyesha yule jumbe sura yake mwenyewe juu ya kitambaa cheupe.

Baadaye wakaja Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 1924 hata 1927 walikaa kando ya ziwa moja juu ya mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wakaliita Paradise. Walijenga nyumba, wakalima bustani, wakafanya na chumba cha giza cha kusafishia picha. Kazi yao waligawana hivi: Bwana alizungusha mkono wa kamera, na Bibi akasimama karibu naye ameshika bunduki, tayari mnyama akija mbio. Bwana hakuweza kutazama kamera na kifaru kwa wakati mmoja, basi maisha yake yalikuwa mikononi mwa mkewe. Mwaka 1928 ikatoka picha yao ya sinema iitwayo Simba. Mwaka huo huo vijana watatu wa skauti kutoka Marekani walikuja kutembea nao katika nchi ya Tanganyika, wakaona simba wa Serengeti.

Siku zile sinema nyingi zilikuwa bubu. Watazamaji walisoma maneno yaliyoandikwa kati ya picha na picha, huku mtu akipiga kinanda. Zilitengenezwa hadithi nyingi za mapenzi zilizotendeka porini na milimani. Mojawapo ilikuwa The Mountain Eagle ya mwaka 1926, iliyotengenezwa na Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyepata sifa kubwa baadaye. Ilisimulia habari za mwalimu wa kike aliyekimbilia milimani kwa sababu ya uadui wa mtu mmoja, akaolewa na mtu aliyekuwa akiishi peke yake huko. Leo hakuna hata nakala moja ijulikanayo. Zimebaki picha chache za mnato.

Zilipotea kwa sababu gani? Utepe wa siku zile ulitengenezwa kwa dawa iliyoshika moto upesi, na hata usipoungua, huoza na kugeuka unga. Tena sinema zenye sauti zilipokuja, wenye kampuni waliziona zile za zamani kuwa takataka. Nyingine walizitupa, nyingine waliziyeyusha wapate fedha iliyomo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 na Maktaba ya Bunge la Marekani ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya sinema ndefu bubu za nchi ile zimepotea kabisa.

Osa na Martin hawakuigiza hadithi ya mapenzi, bali waliishi nayo porini. Mwaka 1933 wakarudi Afrika na ndege mbili ziwezazo kutua majini, moja imepakwa mistari ya punda milia, nyingine madoa ya twiga, wakapiga picha za Kilimanjaro kutoka angani. Lakini mwezi wa Januari 1937 ndege ya abiria waliyopanda ilianguka huko California. Martin akafa siku ya pili yake, na Osa akaumia vibaya. Hata hivyo aliendelea kutoa hotuba zake akiwa katika kiti cha magurudumu. Kisha akaja tena Afrika kusaidia upigaji wa picha za porini za sinema ya Stanley na Livingstone, iliyotoka mwaka 1939. Mwaka 1940 akatoa kitabu cha maisha yake. Akafariki New York tarehe 7 Januari 1953.

Sharti niseme na upande wa pili. Katika sinema zao mlikuwa na mambo ya kupangwa na maneno ya kuwadhihaki Waafrika. Jina la Boculy, hodari wa kufuata nyayo za tembo, twalijua kwa kuwa wao waliliandika. Lakini wapagazi na wapishi wengi waonekana wakipita tu mbele ya kamera, wala hatujui walikuwa wana wa nani. Utepe wa picha umehifadhiwa, majina hayakuhifadhiwa.

Vitu vya Bibi Osa havikupotea kwa sababu mama yake mzazi alivitunza, akavitoa, na mwaka 1961 nyumba ya makumbusho ikafunguliwa mjini Chanute.

Niliposoma hayo nilikwenda kwa shangazi yangu mkubwa, nikamwuliza habari za picha ya babu. Akafumba macho, akaanza kuwataja kwa jinsi walivyosimama: wa kwanza kulia, wa pili, babu katikati, na wa nne. Nikaandika upesi daftarini. Wa tano hakumkumbuka, na wote walioweza kumtambua wamekwisha kufa.

Basi wanafunzi, mkienda likizo, toeni picha za wazee wenu, muulize majina, myaandike nyuma kwa kalamu ya risasi. Mimi nimepata wanne, na yule wa tano nimechelewa.