Peni Moja kwa Wiki: John Wesley na Kikundi cha Nyumbani



Pasta wetu mkuu aliniomba niandike juu ya vikundi vyetu vya nyumbani, kwa sababu ripoti zake huja kwangu kila Jumatatu. Nilisomea biashara chuoni, kwa hivyo ripoti nazipenda. Nina daftari lenye jina la kikundi, waliohudhuria, wageni na sadaka. Nikiangalia hilo daftari nilikuwa najiambia kazi ya Bwana inaenda vizuri.

Halafu mwezi uliopita nikaaibika. Kuna ndugu mmoja katika kikundi changu mimi mwenyewe ambaye Jumatano sita mfululizo nilikuwa nimemwandikia kwamba ana udhuru. Kumbe alikuwa amepoteza kazi. Familia ilikuwa imehamia chumba kimoja, watoto walikuwa nyumbani kwa sababu ya karo, na yeye alikuwa ameirudia pombe aliyokuwa ameiacha miaka minne. Aliyeniambia si mshirika wetu, ni mama mboga wa pale stejini. Yeye alijua. Mimi pasta wake nilikuwa na tiki tu kwenye daftari.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma maisha ya mtumishi wa Mungu John Wesley. Wengi wetu tunamjua kama mwanzilishi wa Wamethodisti, mhubiri wa viwanjani. Lakini kilichonishika mimi si mahubiri yake. Ni vile vikundi vyake vidogo, na jinsi vilivyoanza.

Wesley alizaliwa Juni 1703 huko Epworth, katika jimbo la Lincolnshire, Uingereza. Baba yake Samuel alikuwa kasisi wa Anglikana, mtu wa madeni mengi. Mama yake Susanna alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wakiwa wachanga. Mwaka wa 1709 nyumba yao iliungua usiku, na John, mtoto wa miaka mitano, akatolewa dirishani paa likikaribia kuanguka.

Huyo mama Susanna alikuwa na utaratibu wake. Kila mtoto alikuwa na jioni yake katika wiki, mama na mtoto wawili peke yao, wakizungumza habari za roho. Jioni ya John ilikuwa Alhamisi. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima na mwalimu wa chuo kule Oxford, alimwandikia mama yake akimwomba amtengee tena kile kipande kidogo cha Alhamisi. Fikiria hapo, mpendwa. Msomi mzima, na bado anatamani mtu wa kumuuliza roho yako iko aje.

Tena, majira ya baridi ya mwaka wa 1711 kuingia 1712, Samuel akiwa London, Susanna alianza ibada ndogo nyumbani Jumapili jioni kwa ajili ya watoto wake na wafanyakazi. Majirani wakasikia, wakaomba kuingia. Mwishowe watu walifika kama 200. Kasisi msaidizi alinung'unika na kumpelekea Samuel mashtaka. Susanna hakufunga mlango. Kwa hivyo kikundi cha nyumbani cha kwanza ambacho Wesley alikiona maishani kiliongozwa na mama yake.

Oxford, Charles mdogo wake alianza kukutana na wanafunzi wachache, na John akawa kiongozi wao. Walisoma Maandiko, wakafunga Jumatano na Ijumaa, wakatembelea wafungwa gerezani. Wenzao wakawacheka kwa kupenda utaratibu kupita kiasi, na ndiyo asili ya jina Methodisti. Utaratibu walikuwa nao, lakini John mwenyewe hakuwa na amani.

Mwaka wa 1735 alipanda meli kwenda Georgia, koloni la Waingereza kule Marekani, awe mmisionari. Njiani dhoruba kali ikawapiga. Waingereza walikuwa wakipiga mayowe, lakini Wamoravia kutoka Ujerumani, wanaume kwa wanawake na watoto, waliendelea kuimba sifa. Wesley aliogopa kufa, na hofu hiyo ikamwonyesha kitu alichokosa. Huko Georgia mambo yakaharibika. Alimpenda binti mmoja, Sophy Hopkey, akasitasita, binti akaolewa na mwingine. Baadaye Wesley akamnyima Meza ya Bwana, akashtakiwa. Desemba 1737 aliondoka kesi ikiwa haijaisha. Yaani mtumishi huyu mkubwa alirudi nyumbani akiwa ameshindwa.

Na hapa ndipo naomba usome polepole. Tarehe 24 Mei 1738, siku ya Jumatano, alikwenda jioni kwenye kikundi kidogo katika mtaa wa Aldersgate, London. Alikwenda shingo upande, hakutaka kabisa. Mtu mmoja alikuwa akisoma maneno ya Martin Luther kuhusu Waraka kwa Warumi. Kama saa tatu kasorobo usiku, Wesley akasikia moyo wake ukipata joto la ajabu, akajua kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake yeye binafsi. Haikuwa krusedi wala kanisa kuu. Ilikuwa Jumatano, kikundi kidogo, na mtu aliyekaribia kubaki nyumbani.

Mwaka uliofuata, rafiki yake George Whitefield alimwita Bristol. Aprili 1739 Wesley alihubiri nje kwa mara ya kwanza, jambo alilokuwa akiliona ni aibu kwa kasisi. Maelfu wakaja, wakiwemo wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, watu ambao hakuna kanisa lililowatafuta. Wakajenga jumba la kukutania Bristol. Na kama tunavyojua sisi wa harambee, jumba likajengwa na deni likabaki.

Basi tarehe 15 Februari 1742 waliketi kujadili hilo deni. Kapteni mmoja aliyeitwa Foy akatoa wazo: kila mshirika atoe peni moja kwa wiki mpaka deni liishe. Mwingine akasema wengi ni maskini, hata hiyo hawana. Foy akajibu kwamba wapewe yeye wale kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawatembelea kila wiki. Mwenye kutoa atoe, na asiye na kitu atamlipia yeye. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Washirika wakagawanywa kumi na wawili kumi na wawili, kila kumi na wawili na kiongozi wao.

Mimi kama mtu wa biashara ningesema huo ni mpango mzuri wa kukusanya pesa, na ningeishia hapo. Lakini angalia kilichotokea. Kiongozi alipobisha mlango kuchukua peni, alikuta mambo. Huyu anagombana na mkewe. Yule amelewa. Mwingine ni mgonjwa na hakuna aliyejua. Wakaja kumwambia Wesley, naye akaona mara moja kwamba hiki ndicho kitu alichokuwa akikitafuta siku zote. Deni lilikuwa limewapeleka mlangoni kwa watu.

Mwanzoni kiongozi alizunguka nyumba hadi nyumba. Baadaye wakaona ni rahisi kukutana pamoja mara moja kwa wiki. Waliviita madarasa, lakini hayakuwa ya masomo. Kila mmoja alieleza wiki yake ilivyokuwa: alipoanguka, alipojaribiwa, Bwana alipomsaidia. Kisha wakaombeana, kama Yakobo 5:16 inavyoagiza. Kila miezi mitatu mshirika alipewa tikiti, na asiyeishi alivyokiri hakupewa.

Msifikiri ilikuwa mchezo. Mwaka wa 1743 huko Newcastle, Wesley aliwakagua washirika akawaondoa 64. Alifanya hesabu kama mkaguzi: 17 kwa ulevi, 2 kwa kuuza pombe kali, 3 kwa ugomvi, 1 kwa kumpiga mkewe, 4 kwa kusengenya na kutukana, na wengine kwa makosa mengine. Lakini kundi kubwa kuliko yote, watu 29, liliondolewa kwa sababu ya uzembe na wepesi wa kiroho tu. Hawakuwa wamefanya kosa la kuandikwa gazetini. Walikuwa wamepoa.

Mwaka wa 1763, akiwa Pembrokeshire huko Wales, alikuta watu waliohubiriwa kwa nguvu miaka iliyopita bila kuunganishwa katika vikundi. Wengi walikuwa wamelala usingizi mzito kuliko mwanzo. Tayari tangu zamani alikuwa ameazimia kutohubiri mahali ambapo hawezi kuwafuata watu baadaye. Kwake kuwaamsha watu na kuwaacha wenyewe ilikuwa kama kumzalia adui watoto.

Sitaficha udhaifu wake. Mwaka wa 1751 alimwoa mjane, Mary Vazeille, na ndoa haikuwa na raha. Yeye alikuwa barabarani daima, mke ana wivu na uchungu, na hatimaye wakatengana. Mary alipofariki mwaka wa 1781, Wesley alipata habari baada ya mazishi. Mtu aliyewafundisha maelfu kubisha mlango wa jirani alikuwa na mlango wake mwenyewe uliofungwa. Wachungaji wenzangu na viongozi wa vikundi, hapo tusipapite haraka.

Aliendelea na kazi hadi uzeeni. Inakadiriwa alisafiri zaidi ya kilomita 400,000, nyingi zikiwa juu ya farasi. Alikufa London tarehe 2 Machi 1791 akiwa na miaka 87. Pesa nyingi za vitabu vyake alikuwa amezigawa, na aliacha maagizo kwamba jeneza lake libebwe na maskini sita, kila mmoja alipwe pauni moja. Nyuma yake Uingereza na Ireland walibaki washirika zaidi ya 70,000, na karibu wote walikuwa na mtu aliyewajua kwa jina na kuwauliza hali zao. Mwaka wa 1862 wamisionari Wamethodisti walifungua kituo Ribe, karibu na Mombasa. Na sisi Wapentekoste, ukifuata mizizi yetu nyuma kupitia uamsho wa utakatifu, utamkuta huyu mzee njiani.

Sasa turudi kwetu. Wamama wa kanisa hili wana chama, na mmoja asipoleta pesa wiki moja, jioni ileile mweka hazina amefika kwake. Ndugu yangu alikosa Jumatano sita na hakuna aliyefika. Je, mia mbili za merigo zina thamani kuliko roho ya mtu?

Nilienda kwake, nikiwa nimechelewa. Hakunifungulia siku ya kwanza. Siku ya pili tuliketi nje kwenye ndoo mbili, na nikamwomba msamaha kabla ya kumwombea. Bado hajarudi kanisani. Alhamisi hii nitaenda tena.

Daftari nimelibadilisha. Kuanzia Jumatatu ijayo, kiongozi, swali la kwanza kwenye ripoti halitakuwa mlikuwa wangapi. Litakuwa nani alikosa, na nani amekwenda kwake. Jumatano hii fungueni Waebrania 10:24-25 na Wagalatia 6:2, someni kwa muda mfupi, kisha kila mmoja ajibu bila kuhubiri: wiki yako ilikuwaje kweli? Umeshindwa wapi? Tukusaidieje? Yatakayosemwa humo yabaki humo.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umeamua Jumatano hii hutaenda kwa sababu umechoka, kumbuka Wesley naye hakutaka kwenda. Nenda tu. Mungu awabariki.

Amina.